Wilton, bwawa dogo linalopandisha mashua kilimani

Mashua haipandi kilima bure. Kila inapopanda, maji huteremka, na maji yaliyoteremka ama yarudishwe juu ama yatafutwe mengine. Katika bonde moja la Wiltshire, kusini mwa Uingereza, kilomita mia moja na kidogo magharibi ya London, kazi hiyo ya kurudisha maji juu imekuwa ikifanyika tangu mwaka 1809. Zamani ilifanywa kwa makaa ya mawe. Siku hizi inafanywa kwa umeme, isipokuwa siku chache za mwisho wa juma ambapo watu wa kujitolea huwasha moto chini ya boila, wakazima pampu za umeme, na kumwachia mzee mwenye umri wa zaidi ya miaka 200 aoneshe kwamba bado ana nguvu.

Mzee huyo ni injini ya mvuke ya kituo cha Crofton, kwenye Mfereji wa Kennet na Avon. Watu humiminika kumtazama, na wana haki. Lakini ng'ambo ya pili ya mfereji kuna kitu ambacho wapita njia wengi hukipiga picha bila kujua kazi yake, na bila hicho injini ingekuwa inavuta hewa. Ni bwawa liitwalo Wilton Water.

Ni bwawa jembamba, la hekta chache tu, lililolala kati ya malisho na vilima. Mwenye miguu mizima hulitembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kabla hajatokwa na jasho. Kulasitara husimama kwenye matete wakivizia samaki, na bata hupita na vifaranga vyao. Asiyeambiwa atadhani ni ziwa lililojikalia hapo tangu dunia kuumbwa. Sivyo. Mwaka 1836 kampuni ya mfereji iliziba bonde hilo makusudi ili kukusanya maji ya chemchemi zilizokuwa zikitiririka humo. Vilima vya upande ule ni vya mwamba wa chaki, mwamba mweupe unaonyonya mvua za majira ya baridi na kuziachia polepole kupitia chemchemi za bondeni hata miezi ya kiangazi. Kwa mtu anayetafuta maji ya kutegemewa, chaki ni rafiki mwema, ila ina tabia moja: maji yake hutokea chini, miguuni mwa kilima, wala si kileleni. Na mfereji ulikuwa unayahitaji kileleni.

Hapo ndipo penye kisa chote.

Mfereji wa Kennet na Avon ulikusudiwa kuiunganisha London na Bristol, bandari kuu ya magharibi, kwa njia ya maji ya ndani, ili mizigo isilazimike kuzunguka pwani ya kusini. Enzi hizo bahari hiyo ilikuwa na dhoruba, na wakati wa vita ilikuwa na maharamia na manowari za Wafaransa pia. Sehemu mbili za njia hiyo zilikuwepo tayari. Mto Kennet ulikwisha kurekebishwa kutoka Reading hadi Newbury mwaka 1723, na mto Avon kutoka Bristol hadi Bath mwaka 1727. Kilichobaki kilikuwa kuchimba katikati, kutoka Newbury hadi Bath, kilomita zipatazo 92 za nchi yenye vilima. Bunge lilitoa idhini mwaka 1794. Mhandisi alikuwa John Rennie, Mskoti aliyekuja kusifika baadaye kwa madaraja yake ya London.

Kilima kinaweza kuvukwa kwa njia mbili. Unaweza kukitoboa kwa handaki, maji yakapita tambarare, au unaweza kukipanda kwa ngazi za maji na kukishuka upande wa pili. Rennie alitaka kutoboa. Mpango wake wa mwanzo ulikuwa na handaki refu, la kilomita kadhaa, ambalo lingeushikilia mfereji chini kiasi cha kupata maji yake kwa mteremko wa kawaida. Wenye hisa walishtushwa na gharama. Wakamwita William Jessop, mhandisi aliyeheshimika kuliko wote wakati huo, aukague mpango. Jessop akashauri mfereji unyanyuliwe, upite juu zaidi, na handaki lifupishwe sana. Ingeokolewa fedha nyingi, na muda pia. Kuhusu maji, alisema, wekeni pampu za mvuke.

Wenye hisa wakakubali. Nani angekataa? Handaki lililojengwa badala yake, ambalo leo huitwa Bruce Tunnel, lina urefu wa mita 459 tu. Na hata hilo lisingekuwepo kama si mwenye ardhi, Thomas Bruce, bwana wa Ailesbury na wa msitu wa Savernake, kukataa shamba lake lisipasuliwe kwa mtaro wa wazi. Handaki halina njia ya farasi. Farasi aliyekuwa akivuta tishari alifunguliwa, akapelekwa kwa juu ya kilima, huku wanamaji wakikivuta chombo gizani kwa mikono, wakishika minyororo iliyopigiliwa ukutani.

Mimi si mhandisi, lakini nikiusoma uamuzi ule naona sura ya maamuzi mengi ya ujenzi ninayoyajua. Gharama ya kujenga huonekana siku ya kwanza na hupigiwa kelele mkutanoni. Gharama ya kuendesha huja kidogo kidogo, na aghalabu humkuta mtu mwingine ofisini. Jessop hakukosea hesabu. Kwa fedha zilizokuwepo, pengine mfereji usingejengwa kabisa kama angesema vingine. Ila alichokiokoa kwenye handaki kilianza kulipwa kwa makaa ya mawe mwaka 1809, na bili haijafungwa mpaka leo.

Kwa nini kilele kinakunywa maji kiasi hicho? Yafaa kueleza, maana pwani yetu haina mifereji ya namna hii, na mfereji tunaousikia zaidi, Suez, hauna ngazi hata moja: bahari mbili zinalingana vya kutosha, meli zikapita moja kwa moja. Mfereji unaopanda kilima hutumia malango. Lango ni chumba cha mawe kilichojengwa ndani ya mfereji, kina milango mizito ya mbao mbele na nyuma. Mashua inayopanda huingia kwa chini, milango ikafungwa nyuma yake, kisha vidirisha vidogo vya upande wa juu vikafunguliwa. Maji yanaingia, mashua inanyanyuka mpaka ilingane na sehemu ya juu, mlango wa mbele unafunguliwa, inatoka. Hakuna mashine wala mafuta. Maji yenyewe ndiyo yaliyobeba mzigo wote. Lakini chumba kilichojaa sasa kimejaa maji yaliyotoka juu, na chombo kinachofuata kikitaka kushuka, maji hayo yatamwagwa chini.

Kwa hiyo kila mashua inayovuka kilele huchota chumba kimoja cha maji ikipanda upande huu na chumba kingine ikishuka upande ule. Kilele cha mfereji ni kama tangi la juu ya mnara nyumbani: pande zote mbili kuna mabomba, kila mtu anafungua, na yupo mmoja tu mwenye kazi ya kuwasha pampu.

Malango ya Kennet na Avon ni mapana, yanaingiza mashua mbili nyembamba sambamba. Chumba kina urefu wa takriban mita 24 na upana wa mita 4 na kitu, na pale Crofton, ambapo malango 9 yanapanda jumla ya mita 18 na nusu hivi, kila kimoja hunyanyua maji kiasi cha mita 2. Ukizidisha unapata zaidi ya lita 200,000 kwa kila mara moja, yaani tani 200 za maji. Kuvuka kilele ni mara mbili ya hapo: tani 400, ili mashua ya makaa ipite. Na sehemu ya kilele yenyewe ni fupi, kilomita 3 na ushei kati ya lango la mwisho la kupandia na lango la kwanza la kushukia. Haina akiba ya kuvumilia siku nyingi za shughuli. Ni mfereji ulio mita 137 juu ya usawa wa bahari, hauna mto juu yake wala kijito cha maana cha kuulisha.

Chini yake kidogo, umbali wa kilomita moja na nusu hivi kuelekea mashariki, zilikuwako chemchemi za Wilton. Tofauti ya kimo ilikuwa mita 12. Mita 12 ni kimo cha jengo la ghorofa nne. Kwa mtu si kitu. Kwa maji, ni sababu ya kujenga kituo kizima.

Injini ya kwanza ya Crofton ilinunuliwa mtumba. Kampuni iliipata mwaka 1802 kutoka kwa kampuni ya West India Docks ya London, gati zilizojengwa kwa ajili ya sukari ya visiwa vya Karibi, sukari iliyolimwa kwa jasho la Waafrika waliouzwa. Ilikaa miaka ikisubiri jengo, ikaanza kazi mwaka 1809. Mfereji wote ulifunguliwa mwishoni mwa Desemba 1810, ulipokamilika mpando wa Caen Hill, karibu na Devizes, wenye malango 29, yakiwemo 16 yaliyopangwa kwa mstari mmoja ubavuni mwa kilima. Gharama yote ilikaribia pauni milioni moja. Punde ikaonekana kwamba injini moja haitoshi. Mwaka 1812 ikaletwa ya pili, mpya, kutoka kiwanda cha Boulton na Watt, na hiyo ndiyo ipo mpaka sasa.

Ingia ndani ya jengo siku ya moto. Jengo ni la matofali, refu kwa kimo na jembamba kwa tumbo, kwa sababu limejengwa kuifuata injini. Kuta zake ndizo zinazoubeba mtambo. Chini kuna joto na harufu ya mafuta ya kulainishia. Unapanda ngazi nyembamba mpaka juu, na hapo unakutana na boriti: mkono wa chuma wa kusubu, mnene kuliko kifua cha mtu, uliokalia ukuta kwa katikati yake. Ncha moja imeshika fimbo ya pistoni, ncha nyingine imeshika fimbo ndefu inayoteremka kisimani. Mvuke unaingia juu ya pistoni. Chini yake mvuke uliotangulia unapozwa kwa maji baridi, unageuka maji, na kuacha utupu. Pistoni inavutwa chini. Boriti inainama upande huu, inanyanyuka upande ule, na kule nje ya macho yako maji ya Wilton yanapanda. Kisha kuna kituo kifupi, kana kwamba mtambo unafikiri, na uzito wa fimbo za pampu unairudisha boriti ilikotoka. Halafu tena. Haina haraka. Inapiga mapigo kama 11 kwa dakika, na kila pigo moja huinua takriban tani ya maji.

Tani moja kwa pigo, tani 200 kwa chumba. Kwa hiyo dakika 18 au 20 za kazi ya mzee yule hujaza chumba kimoja cha lango, na dakika kama 40 humvusha msafiri mmoja kilele chote. Wageni wengi hutoka humo wakizungumzia ukubwa wa boriti. Mimi naona hesabu hiyo ndiyo ya kustaajabiwa: nguvu ya kuinua tani 11 kila dakika, usiku na mchana, bila kuchoka, mikononi mwa kampuni ya usafirishaji.

Maji yakishatoka kisimani huingia kwenye mfereji mwembamba unaofuata ubavu wa kilima, karibu kilomita moja na nusu, hadi kwenye kilele. Ukisimama kando yake siku injini inapofanya kazi, unayaona yakija kwa mawimbi, wimbi moja kwa kila pigo, mpaka yanapokwenda mbali na kutulia. Bwawa la Wilton lipo ng'ambo ya pili ya mfereji wa mashua, na maji yake hupita kwenye bomba la matofali chini ya mfereji ili kufika kisimani. Mfereji unapitiwa chini kwa chini na maji yatakayorudi kuwa maji yake. Na kati ya jengo na mfereji, tangu mwaka 1862, hupita reli, kiasi kwamba mgeni anayetoka kwenye malango huingia kituoni kwa kupita chini ya treni.

Makaa ya kuchomea yalikuwa ya Somerset, upande wa magharibi, ambako migodi ilikuwa na mfereji wake mdogo uliojiunga na huu. Makaa ndiyo yaliyokuwa mzigo mkuu wa njia nzima. Basi matishari yalileta makaa, sehemu yakashushwa Crofton, yakachomwa ili kuinua maji, ili matishari mengine ya makaa yapite. Kampuni ilikuwa inakula sehemu ya mzigo wake ili iweze kuubeba uliobaki. Ndiyo maana mwenzake wa Crofton, kituo cha Claverton karibu na Bath, alionekana mwerevu zaidi. Pale, mwaka 1813, Rennie aliweka gurudumu kubwa linalozungushwa na mto Avon, na nguvu ya mto huo huo ikapandisha sehemu ya maji yake mita 14 na kitu hadi mfereji. Hakuna makaa wala moto. Lakini Claverton ina mto mzima mlangoni. Bonde la Wilton lilikuwa na vijito tu, na hata hivyo vijito vilikuwa na wenyewe.

Hilo la wenyewe halitajwi sana kwenye vibao vya watalii, nami nadhani lilistahili kibao chake. Kabla ya mfereji, maji ya bonde lile yalikuwa yakisukuma vinu vya kusagia nafaka. Kampuni ilipoyachukua ili kujaza mfereji, vinu 5 vya maji vilishindwa kusaga. Wakulima walikuwa na ngano lakini hawana pa kuisaga. Dawa ilipatikana mwaka 1821: kikajengwa kinu cha upepo juu ya kilima, karibu na kijiji cha Wilton. Kipo mpaka leo, mnara wa matofali wa ghorofa 5 wenye mabawa meupe, umbali wa matembezi mafupi kutoka bwawani. Kilisaga karibu miaka 100, kikaachwa, kikaoza, kikafufuliwa na wananchi mwaka 1976, na sasa husaga tena unga wa ngano. Mtalii anayekwenda kutazama kinu asubuhi na injini mchana huona vivutio viwili vya mashambani. Kwa kweli anaona kosa na fidia yake. Maji yalipochukuliwa na wenye mashua, wenye ngano waliambiwa watumie upepo. Na upepo, kila msagaji anajua, hauji kwa ratiba.

Bwawa la mwaka 1836 lilijengwa kipindi cha neema. Biashara ilikuwa inakua, matishari yalikuwa mengi, chemchemi peke yake hazikutosha. Ni uwekezaji wenye akili. Miaka 5 baadaye, Juni 1841, reli ya Great Western ilikamilika kati ya London na Bristol. Safari iliyochukua siku kadhaa kwa farasi ikawa ya saa chache. Kampuni ya mfereji ilipunguza nauli, ikabana matumizi, na bado mapato yakaporomoka. Katikati ya balaa hilo, mwaka 1846, ilinunua injini mpya kutoka kwa Harvey wa Hayle, kule Cornwall, kuchukua nafasi ya ile ya mtumba. Injini hiyo nayo bado ipo, imesimama sambamba na ya 1812. Mtu anajiuliza walikuwa wanawaza nini. Lakini mwenye mfereji hana hiari: mashua zikiwa 10 au 1,000, kilele kikikauka hakuna kitakachopita. Gharama ya maji haishuki kwa kadiri biashara inavyoshuka.

Mwaka 1852 reli ikaununua mfereji. Kwa sheria, mnunuzi alipaswa kuendelea kuutunza, kwa hiyo kwa miaka karibu 100 kampuni ya treni ilikuwa ikichoma makaa ili kuwalisha maji washindani wake, ingawa bila mapenzi. Tope lilijaa, milango ikaoza, ushuru ukawa wa kukatisha tamaa. Mwaka 1926 iliomba kuufunga kabisa, wananchi wakapinga. Wakati wa vita kuu ya pili, mfereji ulipata kazi moja ya ghafla: serikali iliugeuza kuwa mstari wa ulinzi dhidi ya uvamizi wa Wajerumani, na vibanda vya zege vya kufyatulia bunduki bado vimekaa kando ya maji, vimeota ukungu. Baada ya vita, mali yote ya reli na mifereji ikataifishwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 hakukuwa tena na njia ya kupita kutoka mwisho hadi mwisho.

Serikali ilipotaka kulimaliza jambo kisheria, wapenzi wa mfereji walikusanya saini zaidi ya 20,000, na mwanzoni mwa mwaka 1956 hati hiyo ikapelekwa London kwa njia ya maji, kuonesha kwamba njia bado ni njia. Ulikuwa mchezo wa kuigiza kidogo, lakini ulifanya kazi. Mfereji haukufukiwa.

Crofton yenyewe iliangushwa na kitu kidogo. Dohani ya kituo, yenye kimo cha mita 25, ilikuwa imechoka, na mwaka 1958 sehemu ya juu ikabomolewa kwa usalama. Dohani fupi haivuti hewa. Moto bila hewa hautoi mvuke wa kutosha. Injini zilizokwisha kushinda reli, vita na uchovu wa karne moja na nusu zikazimwa kwa kukosa pumzi. Mwaka uliofuata zikafungwa pampu za umeme. Kitufe kikachukua nafasi ya wachoma makaa.

Kilichofuata ni kazi ya watu wasiolipwa. Chama cha wapenzi wa mfereji kilikinunua kituo mwaka 1968, na Agosti 1970 injini ya 1812 ikawashwa tena mbele ya mshairi John Betjeman. Dohani ikarudishiwa kimo chake katika miaka ya 1990. Kwa njia nzima, kazi ilichukua muda mrefu zaidi: kuondoa tope, kuziba matundu ya sakafu, kuunda milango mipya ya mwaloni kwa makumi, mpaka tarehe 8 Agosti 1990 Malkia Elizabeth II alipoufungua tena pale Caen Hill. Sherehe zilifana. Halafu ikabidi wakumbuke lile lile la Jessop. Mwaka 1996 ikawekwa pampu kubwa chini ya Caen Hill, yenye uwezo wa kurudisha juu zaidi ya lita milioni 30 kwa siku, kwa kuwa malango yaliyofufuliwa yalikuwa yanamwaga maji kwa kasi ambayo kilele na bwawa lake dogo visingeiweza.

Leo tishari la makaa halipo. Wapitao ni watalii kwenye mashua za kukodi, wastaafu, na idadi kubwa ya watu wanaoishi humo kwa sababu kodi ya nyumba imewashinda. Kila mwaka wakati wa Pasaka wapiga makasia wa mashindano ya Devizes hadi Westminster hupita Crofton, na wao pekee hawachoti maji: wakifika langoni huibeba mitumbwi yao mabegani na kukimbia nayo.

Mwenye dhamana ya maji ni taasisi ya Canal & River Trust, iliyorithi mifereji ya serikali mwaka 2012. Inatunza njia za maji zipatazo kilomita 3,200 na mabwawa zaidi ya 70, mengi yakiwa na umri wa Wilton au zaidi. Mabwawa haya ya kale hayana matangazo, mpaka siku yanapoharibika. Tarehe 1 Agosti 2019 sehemu ya ukuta wa kumwagia maji wa bwawa la Toddbrook, linalolisha mfereji wa Peak Forest kule Derbyshire, ilibomoka baada ya mvua kubwa. Watu wapatao 1,500 wa mji wa Whaley Bridge waliamriwa kuhama, na helikopta ya jeshi ikawa inadondosha magunia ya kokoto kuziba tundu. Uchunguzi ulisema muundo wa ukuta ulikuwa mbovu na matunzo hayakutosha. Ukame nao una zamu yake: mwaka 2025 mabwawa yanayolisha mfereji wa Leeds na Liverpool yalishuka kiasi cha kufunga kilomita nyingi za njia kwa miezi. Panama yenyewe, yenye ziwa la kutisha la Gatun, ililazimika mwaka 2023 kupunguza meli zinazopita kwa siku kutoka zaidi ya 30 hadi 20 na kitu. Panama ni mfereji wa kupanda kilima kama huu, tofauti ni ukubwa wa mashua na ukubwa wa hasara.

Wilton haitishi mtu. Haina ukuta mrefu wala mji chini yake. Tatizo lake ni la fedha: umeme wa pampu, mafundi, milango inayovuja kileleni, na ruzuku ya serikali ambayo, kwa tangazo la mwaka 2023, itaanza kupungua mwaka hadi mwaka kuanzia 2027. Hakuna anayesema handaki la Rennie lichimbwe sasa. Kinachofanyika ni kubana. Majira ya ukame, malango ya Crofton hutiwa minyororo na kufuli jioni, mtu asipite usiku akaacha kidirisha wazi na kumwaga kilele chote kabla ya alfajiri. Na mchana, mwenye mashua anayefika peke yake huombwa asubiri mwingine atokee nyuma, ili chumba kimoja cha tani 200 kipandishe mbili.